Je, Subira ya Watu Yaweza Kuufunika Uzembe?

Siku ya kupiga kura watu huambiwa wasimame mstarini kwa subira. Neno hilo ni jema, na wazee walisema ya kwamba subira yavuta heri. Lakini liko swali lisiloulizwa mara nyingi: je, subira ya hao wasimamao yaweza kuwaondolea hatia wale waliowasimamisha bure?

Tuyaangalie yaliyotukia Dar es Salaam tarehe 29 Oktoba 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi kuruhusiwa tena mwaka 1992. Watu walifika vituoni wakangoja, wala vifaa vya kupigia kura havikuwako. Vituo vingine vilichelewa mno kufunguliwa. Mwisho wake kura za majimbo yote saba ya mji ule zikatanguliwa, na watu wakaitwa tena tarehe 19 Novemba. Baadhi ya vyama vikakataa kushiriki mara ya pili.

Huenda mtu akasema, “Hilo ni kosa dogo, hapana aliyepigwa wala aliyenyang’anywa mali.” Lakini tufikiri vema. Kibarua akikosa kazi ya siku moja, watoto wake hulala na njaa. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye miguu mibovu ndio wa kwanza kuuacha mstari na kurudi nyumbani. Basi mstari mrefu huchagua watu kabla watu hawajachagua: huwabakiza wenye nguvu na nafasi, huwaondoa wanyonge. Hata kama hapana aliyekusudia kuwanyima haki yao, wamenyimwa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma habari za Yethro. Alimwona Musa ameketi kuamua, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Yethro hakuwasifu watu kwa subira yao, wala Musa kwa bidii yake. Alimwambia ya kuwa jambo hilo si jema, kwani atachoka yeye na watu pia. Aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Naye Bwana wetu, kabla ya kuwalisha watu elfu tano, aliwaketisha kwanza safu safu, mia mia na hamsini hamsini. Kupanga, basi, ni tendo la upendo.

Wengine watawataja watu wa Afrika Kusini, waliosimama saa nyingi mwezi wa Aprili 1994, nao wasifiwa hata leo. Ndiyo, wasifiwe. Lakini sifa hiyo ni yao wenyewe, mwandalizi asijivike. Mgeni aliyevumilia njaa hampatii udhuru mpishi aliyelala.

Jambo hili si la vituo vya kura peke yake. Yatupasa sisi waalimu, wazee wa kanisa na makarani kujiuliza ni nani wanaotungoja mlangoni. Apewaye kazi ya kuwahudumia watu na awahesabu mapema, atayarishe vifaa tangu jana, na kuwatanguliza wazee na wajawazito. Naye asimamaye mstarini na avumilie hata apige kura yake. Kisha aulize kwa adabu kwa nini alichelewesha. Kuvumilia ni wajibu wake, na kujibiwa ni haki yake.