Dawa Haikuleta Kikohozi

Wanangu, tangu ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zianze kutolewa bure hapa Tanzania mwaka 2004, kilio kimekuwa kile kile: "Nilikuwa na nafuu yangu, nimemeza vidonge ndiyo nimelala kitandani." Mtu kaanza dawa, hamu ya chakula imerudi, halafu baada ya wiki chache tezi za shingo zinavimba, jasho la usiku linalowesha shuka, kikohozi hakimpi nafasi ya kumaliza sentensi. Jirani anakuja na bakuli la uji na ushauri juu yake: achana nazo, zitakumaliza. Kopo la vidonge linafukiwa ndani ya mfuko wa sembe. Simlaumu mgonjwa. Nani asiyeogopa?

Lakini stoo ya jikoni isiyofagiwa mwaka mzima, siku unayoingia na ufagio panya wanatimka huku na huku. Nani atasema ufagio ndio uliowazaa? Vivyo hivyo, kifua kikuu kilikuwamo mwilini kimya, kwa kuwa kinga ilikuwa hoi, haina hata nguvu ya kupandisha homa. Virusi vikifubazwa, kinga inaamka, inamwona mdudu, inamvaa. Homa na uvimbe ni mapambano hayo. Yanawapata zaidi waliochelewa, wenye CD4, yaani chembe za kinga, chini ya 100, na mara nyingi ni katika miezi 3 ya mwanzo.

Ndiyo maana muuguzi anauliza siku ya kwanza: unakohoa? Una homa? Umepungua uzito? Unatoka jasho usiku? Nawaomba, msijibu "hapana" mara nne ili kuwahi daladala. Ugonjwa ukionekana mapema hutibiwa kwanza, ARV zikafuata. Mwenye fangasi wa utando wa ubongo, kwa mfano, hutibiwa fangasi huo wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza ARV.

Na ugonjwa ukishukiwa wakati tayari umeanza ARV, usiache vidonge kwa uamuzi wako. Rudi kliniki na kopo lako. Mara nyingi watatibu ugonjwa huo na ARV zitaendelea. Ila kichwa kinachouma bila kusikia panadoli, kutapika, shingo kukakamaa, kuona vitu viwili viwili, hayo hayangoji tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kwa nauli ya kukopa, na ukifika tu sema kwamba umeanza ARV hivi karibuni, maana daktari wa zamu ya usiku hawezi kulijua hilo kwa kukutazama usoni.