Kambi Ilimngoja Miriamu

Wiki hii tutafakari swali moja: je, ni haki kumdai mtu maskini aseme ukweli, ikiwa ukweli huo utawalaza watoto wake njaa?

Nauliza kwa sababu ya magonjwa ya mlipuko. Tukisikia nchi imejiandaa, tunawaza maabara, dawa, ambulensi na vitanda vya kule Msambweni. Vyote tunavihitaji, na serikali tuidai. Lakini kabla ya hayo yote lazima mtu mmoja aseme, "Mimi naumwa, na ugonjwa huu siuelewi." Huyo akinyamaza, maabara haina cha kupima.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma. Kule tunafunzwa kwamba bei ikipanda, wanunuzi wanapungua. Sasa, ukweli nao una bei. Mwaka 2020 corona ilipoingia, watu waliowekwa karantini kwa lazima walitakiwa kujilipia. Kukawa na watu wanaoogopa bili kuliko ugonjwa wenyewe. Mwezi Mei serikali ikatangaza kwamba itawalipia waliokaa katika vituo vyake. Watu hao hawakuwa wabaya kuliko mimi na wewe. Ukweli ulikuwa ghali.

Sisi wa Kwale tunajua. Aprili ile kaunti yetu ilifungwa pamoja na Mombasa na Kilifi, na hoteli za Diani zikafunga milango. Mpishi wa hoteli, mama wa mboga pale Ukunda, kijana anayeuza vinyago ufuoni, wote walionja maana ya siku bila kazi. Lakini wakati ule tulikuwa wengi. Mgonjwa anayejitenga leo anaonja peke yake.

Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini, kwa msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta. Sisi pia tuna mpaka, pale Lunga Lunga. Mgonjwa wa mpox anapaswa kukaa mbali na watu mpaka vidonda vikauke na ngozi mpya iote, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Haya, mwambie dereva wa tuktuk, ambaye kila jioni lazima ampelekee mwenye chombo pesa zake, akae nyumbani wiki tatu. Atavaa shati la mikono mirefu arudi barabarani. Anakosea, kwa maana abiria wake pia wana watoto. Lakini sisi tuliomwachia mzigo wote peke yake, mikono yetu ni safi?

Fungua Hesabu sura ya 12. Miriamu alipigwa ukoma, akatengwa nje ya kambi siku saba. Mstari wa 15 unatueleza jambo ambalo huwa tunalipita haraka: watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Taifa zima lilisimama jangwani siku saba. Hiyo ilikuwa gharama, na kambi yote iliibeba. Tena Miriamu alikuwa na kosa, alimnena Musa vibaya. Kama mwenye kosa alingojwa, je, yule aliyeambukizwa ndani ya matatu?

Mwingine atasema, "Pasta, tukianza kutoa chakula kwa waliojitenga, watu watajifanya wagonjwa." Kweli, wawili watatu watatudanganya. Lakini piga hesabu. Unga wa waongo watatu ni bei gani, ukilinganisha na kipindupindu kimoja kilichofichwa kikaingia kisimani? Na mwingine atasema kujiandaa ni kukosa imani. Mungu yuleyule aliyemponya Miriamu ndiye aliyeagiza atengwe kwanza.

Kwa hiyo nchi iliyo tayari ni ile ambayo mtu anaweza kusema "naumwa" asiangamie. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mifuko yao. Wengine tunaabudu nao hapa. Wanaweza kugonga mlango. Lakini hawawezi kumfanya mtu aseme kilicho ndani, kama kusema ni kupoteza riziki.

Hapo ndipo kanisa lina kazi. Naomba kila ushirika wa nyumbani uwe na akiba ya siku saba: unga, maharagwe, mafuta, na pesa kidogo ya kodi. Tuiweke sasa wakati hakuna mlipuko, kwa sababu siku ya mlipuko kila mtu atashika chake. Mshirika akiambiwa na daktari ajitenge, mashemasi wapeleke chakula mlangoni, na asiitwe aliyerudi nyuma kwa kukosa ibada. Na jirani Mwislamu akiwa katika hali hiyo, mlango wake pia tunaujua.

Jumapili hii, kabla hujatoka, mwulize kiongozi wa ushirika wako akiba hiyo itakaa nyumba gani.