Mfalme Aliyevua Taji

Somo: Ufunuo 4:9-11

Katika maono ya Yohane, wazee 24 wanaanguka mbele ya kiti cha enzi na kuziweka taji zao chini. Hakuna aliyewanyang'anya, wamezivua wenyewe.

Afrika yetu ina mtakatifu aliyeliishi neno hili. Kaleb, anayeitwa pia Elesbaan, alikuwa mfalme wa Aksum, Ethiopia, katika karne ya 6. Mwaka 523 Wakristo wa Najran, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, waliuawa kwa ajili ya imani. Kaleb alivusha jeshi lake, akamshinda mfalme aliyewaua. Mapokeo yasimulia kwamba baadaye alituma taji yake Yerusalemu itundikwe kwenye kaburi la Kristo, naye akaishi katika upweke wa kimonaki hadi kufa. Kanisa humkumbuka miongoni mwa watakatifu wake.

Tutazame saa aliyoichagua. Aliyeshindwa huvuliwa taji na wengine. Kaleb aliivua mwenyewe, akiwa ameshinda, wakati ambapo ushindi humfanya mtu awaone wote kuwa wadeni wake.

Ndugu zangu wa Kalengera, kwenye barabara hii ya Goma na Rutshuru wamepita wengi wenye silaha wakisema wamekuja kutukomboa. Ni nani kati yao tuliyemwona akishinda, kisha akashuka kitini kwa hiari?

Lakini tusiwanyooshee kidole wao peke yao. Kiongozi wa shirika amemaliza muda wake, ila daftari la michango bado liko chini ya godoro lake. Jirani ameshinda kesi ya mpaka wa shamba, na kila asubuhi anapita na jembe mpakani pale pale ili mwenzake amwone. Hizo nazo ni taji, na zimetukaa vichwani.

Kuweka taji chini si kuacha haki. Waliouawa Najran walistahili kuliliwa na kutetewa. Ila haki ikishapatikana, utukufu wake ni wa Mungu, na aliyeshindwa anabaki kuwa ndugu yako.

Juma hili, mwendee uliyemshinda. Mwamkie wewe kwanza. Akikosa mbegu, mpimie maharagwe apande.

Tuombe: Ee Bwana, uliyevikwa taji ya miiba kwa ajili yetu, utufundishe kushuka kabla hatujashushwa. Uwape wenye nguvu wa nchi yetu moyo wa Kaleb, na uanze na sisi. Amina.