Ahadi ya Mdundo

Katika Kiswahili neno moja, ngoma, hutaja chombo kilichowambwa ngozi, mchezo unaochezwa kwa sauti ya chombo hicho, na mkutano wa watu waliokuja kuucheza. Lugha iliyoweza kupambanua chapuo na vumi, na msondo na kinganga, haikuwa na uhaba wa majina. Iliviacha vitu hivi vitatu katika jina moja kwa sababu hakuna kimoja kitimiacho pasipo viwili vingine. Warundi na Wanyarwanda wameongeza maana ya nne, kwani kwao ingoma ni ngoma na tena ni ufalme. Ni haki, basi, kuuliza: ngozi ya mnyama aliyekufa, ikipigwa kwa kiganja au kwa fimbo, ina siri gani hata ikastahili kuchangia jina na mamlaka ya kuwatawala watu?

Pigo moja la ngoma ni kishindo, kama cha nazi iangukayo usiku, ambacho humshtua mtu na kumwacha pale pale alipokuwa. Pigo la pili huzaa muda baina yake na la kwanza, na nafsi ya msikilizaji, pasipo kuambiwa, huupima muda ule na kuuweka akiba. Hata lijapo la tatu, hukuta limekwisha kungojewa. Hapo ndipo mdundo unapozaliwa, nao, ukiutazama kwa makini, makao yake ni katika pigo ambalo halijalia bado. Mdundo ni ahadi. Waungwana husema ahadi ni deni, na mpiga ngoma ni mdeni wa namna ya pekee, kwa kuwa kila nukta hulipa deni lake na katika nukta iyo hiyo hukopa jingine.

Ahadi, walakini, haitimii mpaka apatikane mtu wa kuiamini, na mtu huyo ni mchezaji. Anayengoja kusikia pigo ndipo ainue mguu huchelewa siku zote. Mchezaji wa kweli huinua unyayo wakati mkono wa mpigaji ungali hewani, akaushusha juu ya sauti ambayo, alipoianza hatua, haikuwapo duniani. Kila hatua yake ni tendo la imani. Naye mpigaji hayuko huru katika enzi yake: macho yake yamo miguuni mwa mwenziwe, na akiona pumzi zinampungua hulegeza, akiona bega linataka kugeuka hulitangulizia pigo la kulipokea. Hivyo amana iko pande zote mbili, na ni vigumu kusema nani amfuataye nani.

Wako wasanii ambao wameifanya amana hii kuwa kazi yao, wakienda wawili wawili, mmoja wa ngoma na mmoja wa mchezo, katika viwanja vya skuli na vya mitaa, kuwafunza watu ambao jana hawakujuana. Huko Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na leo huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, muziki, mchezo na maigizo hufunzwa mahali pamoja, kama inavyodai maana ya neno lenyewe. Wasanii hao wawili huwapanga watu duara, maana katika duara hakuna wa nyuma. Mpigaji hupiga fungu fupi la mapigo akanyamaza, na halaiki humwitika kwa makofi. Mchezaji huonyesha kwa mwili yale ambayo sikio limeshindwa kuyakamata. Mara ya kwanza makofi hutawanyika kama matone ya mvua ianzayo juu ya mabati. Mzee huona haya, kijana hutaka kuwapita wenziwe, mtoto hucheka. Hakuna anayekaripiwa. Pigo hurudiwa tena na tena, hata ghafla viganja vyote huwa kofi moja, na watu hutazamana usoni kwa mshangao, kwa kuwa kila mmoja ameweka ahadi kwa jirani asiyemjua jina, na jirani ameitimiza.

Mtu mwenye busara aweza kupinga akasema kuwa watu wakitiwa katika mdundo mmoja huondolewa hiari, na atatoa ushahidi wa gwaride, ambamo miguu mia hukanyaga kama mguu mmoja kwa sauti ya mtu mmoja. Hoja hii yastahili jibu. Gwaride hutaka wote watende tendo moja kwa amri. Ngoma hutaka kila mtu atende lake kwa ridhaa. Katika muziki wa kidumbak wa Unguja, ngoma mbili ndogo hujibizana, sanduku lenye uzi hutoa sauti nene, mikwasa hugongwa, cherewa hutikiswa, na fidla huimba juu yao. Hakuna kinachosema maneno ya mwenziwe, na kila kimoja huacha nafasi ambayo kingine hukaa humo. Ajazaye kila nafasi kwa sauti yake huharibu, ndiyo maana wahenga walionya kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Na watu wa miji ya pwani ya Kenya, walipoitwaa bendi ya askari mwishoni mwa karne ya 19 wakaifanya beni, walithibitisha kuwa hata gwaride lenyewe, likiingia mikononi mwa watu wachezao kwa hiari yao, hugeuka ngoma.

Sasa twaweza kurudi kwa Warundi. Katika ngoma yao ya kifalme, ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu, ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka moja iliyo katikati. Nyingine hushika mdundo usiokatika, nyingine huifuata ile ya kati, na wapigaji wawili watatu hutoka kwenda kucheza. Mwenye kupiga huwa mwenye kucheza, naye aliyeaminiwa huja kuamini. Nadhani siri ya jina lile ni hii: ufalme, kama ngoma, hukaa katika watu washushao mguu wakiwa na yakini kwamba pigo litakuja. Siku pigo lisipokuja, si lazima watu waasi; huacha kucheza tu, na uwanja ukabaki mtupu.

Kwa hiyo, msomaji, likipangwa duara karibu nawe usisimame ukingoni kwa udhuru kwamba hujui kucheza. Aliyekosea hatua haivunji ngoma. Huivunja yule aliyeacha kumsikiliza jirani yake. Ingia, uinue mguu kabla ya pigo.