Tamari Katika Nyumba ya Absalomu



Somo letu ni 2 Samweli 13, mstari wa 1 hata wa 22. Ni somo ambalo halisikiki mara nyingi kanisani, na wako wazee wasemao si vema lisomwe mbele ya watoto. Lakini limo katika Biblia, wala halikuingia humo kwa bahati. Kila mwenye Biblia na alisome nyumbani kwanza, polepole, kisha aurudie ukurasa huu.

Habari yenyewe ni hii. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, alimtamani Tamari, dada yake kwa baba. Kwa shauri la binamu yake Yonadabu akajifanya mgonjwa, akaomba dada yake aje kumpikia. Aliyemtuma binti ni mfalme mwenyewe, baba yake mzazi, akidhani anampeleka kumuuguza ndugu. Tamari akakanda unga, akapika, akaandaa. Ndipo Amnoni akawafukuza watu wote, akamshika kwa nguvu. Angalieni, ndugu zangu, kwamba binti huyu hakunyamaza. Alimsihi, alimkumbusha desturi ya Israeli, alimwuliza aibu yake ataipeleka wapi. Amnoni hakusikia. Alipokwisha kumtenda, akamchukia, akaamuru atolewe nje na mlango ufungwe nyuma yake. Naye akatia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda njiani akilia kwa sauti.

Hapo nataka tukae kidogo. Tamari alilia njiani. Hakwenda kujificha. Mtu yeyote aliyepita alisikia. Kisha akakutana na nduguye wa tumbo moja, Absalomu, naye alielewa upesi bila kuambiwa mengi. Akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake, na asiliweke jambo hilo moyoni. Akampeleka nyumbani kwake. Huko akakaa, nasi tunaambiwa kwamba alikaa katika ukiwa.

Absalomu hakuwa mtu asiye na upendo. Baadaye alipozaa binti, jina alilompa ni Tamari (2 Samweli 14:27). Alimpa dada yake chumba, chakula na ulinzi. Kitu alichomnyima ni mtu wa kumsikiliza.

Nimeichagua habari hii kwa sababu ya kazi moja iliyofanyika katika nchi yetu, ambayo naona Wakristo wengi wa huku hawajaisikia. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa taifa zima juu ya ukatili kwa watoto, Bara na Visiwani, kwa ushirikiano wa serikali, Chuo Kikuu cha Muhimbili, UNICEF na wataalamu wa afya kutoka Marekani. Matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Kabla ya hapo uchunguzi wa namna hiyo ulikuwa umefanyika Swaziland mwaka 2007, lakini kwa wasichana tu. Hapa kwetu waliulizwa na wavulana pia. Walioulizwa ni vijana wa miaka 13 hata 24, nao walihojiwa faraghani, mbali na masikio ya jamaa zao.

Walisema nini? Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walitendewa ukatili wa kijinsia angalau mara moja. Kwa wavulana ilikuwa kiasi cha 1 katika kila 7. Na karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walisema walipigwa ngumi, mateke au viboko, au walitishwa kwa silaha. Zaidi ya nusu walitaja jamaa zao wenyewe kuwa ndio waliowapiga. Kati ya wasichana waliotendewa ukatili wa kijinsia, kiasi cha nusu tu walikuwa wamemwambia mtu yeyote. Wavulana waliosema walikuwa wachache zaidi.

Basi nauliza. Mgeni amefika na karatasi zake, amekaa na kijana kwa muda mfupi, naye ameambiwa jambo ambalo mama hajaambiwa, wala mwalimu wa Kipaimara, wala mchungaji. Kwa nini? Wataalamu wa ustawi wa jamii wanayo majibu yao, nami nayakubali: kijana huogopa kulaumiwa, huogopa kuvunja nyumba, huogopa kwamba hakuna litakalofanyika. Lakini tazama, hayo yote matatu yamo katika somo letu. Mgeni hakumwambia kijana anyamaze. Sisi jamaa tunayo maneno tayari mdomoni: ni baba yako huyo, ni mjomba wako, ndiye anayekulipia shule, yaishe.

Sisi wa Rudewa hatuwezi kusema hatujui ukatili ni nini. Mwezi wa Desemba mwaka 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nchi nzima ilisikia, na mpaka leo wako wasomi wanaoandika habari zake. Damu iliyomwagika shambani ilihesabiwa. Lakini mtoto anayepigwa kwa waya wa umeme usiku, nyumba tatu kutoka kanisani, ni nani anayemhesabu? Majirani husikia, kisha huongeza sauti ya redio.

Wako watakaosema, Mchungaji, Biblia yenyewe imeagiza fimbo, wakinitajia Mithali 13:24. Naijua aya hiyo, na wengi wanaijua hiyo peke yake. Naomba waisome pamoja na Zaburi ya 23, ambamo fimbo ya mchungaji ni faraja kwa kondoo. Mfugaji yeyote wa Kilosa atakuambia kwamba fimbo ni ya kuelekeza kundi na kumfukuza fisi. Anayewavunja ng’ombe wake miguu haitwi mfugaji. Tena waisome na Waefeso 6:4, ambapo Mtume Paulo, akiisha kuwaambia watoto watii, anawageukia akina baba mara moja na kuwakataza wasiwachokoze watoto wao mpaka wakawaka hasira. Amri ni mbili. Kwa nini tunaihubiri ya kwanza tu?

Wala si hoja ya maandiko peke yake. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania, ambao waliulizwa juu ya adhabu za nyumbani na shuleni. Karibu wote, 95 katika kila 100, walikuwa wamewahi kuchapwa na mwalimu, na hali ya nyumbani ilikuwa karibu sawa na hiyo. Jambo kubwa ni lile lililofuata: kadiri mtoto alivyopigwa kwa ukali zaidi, ndivyo alivyoonekana mgomvi zaidi kwa wenzake, asiyetulia, na mwenye huruma haba. Yaani kile tunachosema tunakitoa kwa kiboko, ndicho kinachoingia kwa kiboko. Babu zetu walikuwa na neno lao, mkono mtupu haulambwi. Nami naona hata mkono wenye fimbo haulambwi, hukimbiwa.

Na tusidhani jambo la watoto laweza kutengwa na la mama zao. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 uliona kwamba wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hata 49 walikuwa wamepigwa tangu walipofika miaka 15. Humo humo watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa kuunguza chakula, kubishana, kutoka bila kuaga, kutowaangalia watoto, au kumnyima unyumba. Wanaume 40 katika kila 100 walikubali angalau sababu moja. Wanawake waliokubali walikuwa 58. Hapo nilisimama nikaisoma tena hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba binti zetu hawafundishwi na wanaume tu kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa. Wanafundishwa na mama na shangazi, jikoni na katika unyago. Hili ni neno kwa Umoja wa Akina Mama, nami nalisema kwa heshima.

Lakini sheria ya nchi ilikwisha kusema zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 sasa. Na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kumdhalilisha, tena inamtwika kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Kila mwanajamii, yaani pamoja na mzee wa kanisa, na mwanakwaya, na jirani mwenye redio.

Watu wa Kilosa walikuwa na njia yao kabla ya sheria hizi. Wakaguru na Wasagara walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtoto alikuwa wa mjomba wake kama alivyokuwa wa baba yake. Mama aliyeonewa alijua pa kwenda, na mume alijua kwamba wako watu watakaokuja kuuliza. Sisifu kila kitu cha zamani. Wajomba nao walikuwa na ukali wao. Lakini nyumba haikuwa na mlango uliofungwa. Kisha yakaja mashamba ya mkonge, wakaja manamba kutoka kusini na magharibi, wakaoana na kuzaa hapa, na ukoo ukabaki mbali. Leo nyumba nyingi za Rudewa ni za mume, mke na watoto, na mjomba yuko Songea au Kigoma, ni sauti ya simu tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza afisa ustawi wa jamii ni nani, namjibu kwamba anafanya ile kazi ya kuja kuuliza. Hakuja kuvunja nyumba. Lakini yeye ni mmoja kwa watu wengi mno, hawezi kusikia kilio asichoambiwa.

Nirudi kwa Daudi. Imeandikwa kwamba alipopata habari alikasirika sana. Halafu hakuna kilichoandikwa tena. Hakumwita Amnoni, hakumwita Tamari. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inaongeza sababu, kwamba alimpenda Amnoni kwa kuwa ni mzaliwa wa kwanza. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni katika karamu ya kukata manyoya ya kondoo, kisha akakimbilia Geshuri, kisha akamwasi baba yake, kisha akafa akining’inia mtini. Jambo lililofichwa ili nyumba isivunjike ndilo lililoivunja.

Nami najua jinsi mambo haya yanavyomalizwa kwetu. Binti ameharibiwa na mtu mzima. Jamaa za pande mbili wanakutana usiku, fedha inatolewa, pengine na mbuzi, na shahidi anapelekwa kwa bibi yake wilaya nyingine mpaka kesi ife. Wanaita kumalizana. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haijui kumalizana. Kwa kumbaka mtoto, adhabu haipungui kifungo cha miaka 30. Naye mzee wa kanisa anayealikwa kwenye kikao cha namna hiyo ili afungue kwa sala, amealikwa kukaa katika kiti cha Daudi. Asikubali.

Tena, upatanisho tunaouhubiri unaanza na kweli. Mtu aweza kusamehe na bado akaenda polisi. Mke aweza kumwombea mumewe akiwa amelala kwa dada yake, mahali pa usalama. Kumrudisha mama na watoto usiku huo huo kwa mtu mwenye panga mkononi, eti kwa sababu ndoa ni takatifu, si huduma ya Kristo.

Kwa vitendo, basi. Mtoto akikuambia, msikilize mpaka mwisho, usimwulize alikuwa amevaa nini. Mwambie kwamba umemsadiki. Kama ametendewa ukatili wa kijinsia, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai kitu baada ya hapo. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ipo pia simu ya watoto, namba 116, ambayo hailipiwi. Aliye mtenda akiwa ni mtu mkubwa kanisani, taarifa ni ile ile na njia ni ile ile.

Na neno moja kwa wadhamini. Mtoto alipobatizwa ulisimama mbele ya madhabahu, ukajibu kwa niaba yake, na jina lako likaandikwa. Wengine wenu mmedhamini watoto wanne, watano, na hamjui leo wanalala wapi wala nani anawalea. Kitabu cha ubatizo kipo ofisini, na hufunguliwa kila Jumapili baada ya ibada. Njooni mtafute majina yenu na majina ya watoto hao, kisha kabla ya Jumapili inayofuata mwende mkawaone, mkae nao, mkawaulize habari zao.