Magunia Manne, Nyumba Tatu

Watu wakiniuliza nasomea nini, hujibu kwa neno moja: kuhesabu. Wengi hucheka. Shangazi yangu aliwahi kuniambia kuwa mjukuu wake wa chekechea anasomea hayo hayo, tena bila mkopo. Sina ubishi naye. Kombinatoria ya kuhesabu ni tawi la hisabati linalouliza swali la kitoto kabisa, "viko vingapi?", na mtu anaweza kumaliza uzamili na uzamivu akiwa bado analijibu. Kujumlisha ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye jambo linalotangulia: kabla hujasema viko vingapi, lazima uamue vipi utavihesabu kuwa kimoja na vipi utavitenganisha. Kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa uamuzi huo ni wa kimaadili kabla ya kuwa wa kihisabati.

Chukua mfano. Kuna magunia 4 ya kugawa kwa nyumba 3. Yote yagawiwe, na nyumba inaweza kukosa. Kuna njia ngapi?

Kama kila gunia ni tofauti, hili la mahindi, lile la mchele, jingine la maharage na jingine la mtama, na kila nyumba inajulikana, njia ni 81. Kila gunia lina nyumba 3 za kwenda, kwa hiyo ni 3 mara 3 mara 3 mara 3. Kama magunia yote ni ya mahindi na yana uzito mmoja, unachotazama ni kila nyumba imepata mangapi tu, na njia zinashuka hadi 15. Kama magunia ni tofauti lakini nyumba huzitofautishi, unatazama tu ni magunia yapi yamekwenda pamoja, nazo ni 14. Na kama huna haja ya kujua gunia lipi wala nyumba ipi, zinabaki 4: yote manne sehemu moja, matatu na moja, mawili na mawili, au mawili, moja na moja.

81, 15, 14, 4. Majibu yote ni sahihi. Mwanafunzi wa fani hii hukutana nayo mapema, katika juzuu ya kwanza ya Enumerative Combinatorics ya Richard Stanley, iliyochapishwa 1986. Humo kuna jedwali la maswali 12 ya namna hii, wazo linalohusishwa na Gian-Carlo Rota. Mara ya kwanza unaliona kama orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Baadaye unagundua kuwa kila chumba cha jedwali kinakuuliza: uko tayari kusahau nini?

Rudi kwenye jibu la mwisho, lile la njia 4. "Yote manne sehemu moja" imehesabiwa mara moja tu. Lakini tuseme nyumba moja iko bondeni, nyingine mlimani, nyingine barabarani. Magunia yote yakienda mlimani, walio bondeni wanalala njaa. Yakienda bondeni, wanashiba. Kwao hayo ni maisha mawili tofauti kabisa. Kwenye hesabu ni mstari mmoja.

Ni rahisi kuhitimisha hapa kuwa kusahau ni dhambi, na kwamba mtu mwema ni yule anayehesabu 81 siku zote. Sikubaliani. Tunga shanga 6 za rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Zikiwa zimepangwa mezani kwa mstari, toka ya kwanza hadi ya sita, mipangilio ni 64. Zifunge ziwe duara linaloweza kuzungushwa, na mingi kati ya hiyo 64 inageuka kuwa kitu kimoja: inabaki 14. Ruhusu duara hilo lipinduliwe pia, kama mkufu unavyopinduka mkononi, inabaki 13. Mfanyabiashara anayesisitiza kuwa ana mikufu 64 ya aina tofauti hana kumbukumbu nzuri kuliko wengine. Anakuuzia mkufu ule ule mara kadhaa kwa majina tofauti. Kuna tofauti za uongo, na historia ya wanadamu imejaa watu waliotenganishwa kwa tofauti za namna hiyo.

Tena, haki yenyewe mara nyingine inadai usahaulifu. John Rawls, katika A Theory of Justice ya 1971, alipendekeza tuchague kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, kila mmoja asijue atazaliwa nani. Kwa lugha ya magunia, alitaka tusizitofautishe nyumba. Ukiwa hujui utaishi bondeni au mlimani, unabaki na yale mafungu 4 tu, na ukiyatazama hivyo, ukatili wa "yote manne sehemu moja" unaonekana wazi kuliko ukiwa unajua kuwa sehemu hiyo ni kwenu. Kumbe jibu lile dogo, nililolishutumu punde tu, ndilo linalofaa tunapochagua kanuni ya ugawaji.

Halifai pale ugawaji unapokwisha na mtu akauliza: nani amekosa? Hapo majina lazima yarudi. Swali la kwanza linahusu umbo la mgawo, la pili linahusu anayeubeba. Hatari ni kulijibu la kwanza, kufunga daftari, na kudhani la pili nalo limejibiwa.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Kwa mara ya kwanza katika sensa za nchi hiyo, watu 1,524 kati yao waliandikwa kuwa huntha, yaani wenye maumbile yasiyoingia moja kwa moja katika kisanduku cha mwanamume wala cha mwanamke. Wangegawanywa katika visanduku viwili vya zamani, jumla isingepungua hata mtu mmoja. Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu jumla: inaweza kuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho na bado mtu asijione ndani yake.

Mama yangu alizaa watoto sita. Wanne tuko hai. Mgeni akimuuliza ana watoto wangapi, husema wanne. Daktari akimuuliza, husema sita. Lakini nimewahi kumsikia msibani, ameketi mkekani kando ya mama aliyefiwa na mwanawe, akisema bila kuulizwa, "Mimi ninao sita." Hakuna aliposema uongo. Kila mara alijua swali linamhusu nani, na akachagua hesabu inayostahili.

Katika fani yetu, vitu viwili ni sawa pale unapoweza kuvibadilishana nafasi na jibu la swali lililoulizwa lisitikisike. Nadhani kipimo hicho kinafaa hata nje ya darasa, kwa sharti moja: wanaobadilishwa nafasi waulizwe. Hamisha njaa kutoka nyumba ya mlimani kwenda ya bondeni. Kama kuna mtu atakayetoka nje na kudai, basi kwa swali hilo nyumba hizo si sawa, hata kama karatasi inasema hivyo.

Mwanafunzi mwenzangu huniambia kuwa hiyo ni siasa, kwamba hisabati haina hatia juu ya watu wanavyoitumia. Nakubaliana naye nusu. Hisabati haikuchagulii kipi ni sawa na kipi, lakini inakataa kukupa namba mpaka uchague, na inakutaka uandike ulichochagua mahali ambapo kila msomaji atakiona. Ripoti nyingi tunazosoma hutupa namba na kukificha hicho.

Lugha yetu inalijua hili. Hesabu ni namba, na pia ni maelezo anayodaiwa mtu aliyekabidhiwa kitu cha wenzake. Mweka hazina wa kikundi akisimama, akataja jumla na kuketi, wanachama hawatampigia makofi. Watamwomba asimame tena, atoe hesabu.