Taa ya Ndani

Mimi sijawahi kurusha ndege, wala kupanda sijapanda. Lakini kuna swali moja la marubani wa ndege ndogo ambalo haliniachi: wakiruka usiku, ndani ya kile chumba chao wawashe taa gani?

Usicheke, ndugu msomaji. Jicho la mwanadamu huchukua kama dakika 30 kulizoea giza sawasawa. Sasa mtu amesubiri dakika zote hizo, halafu anawasha taa nyeupe kali, eti anatafuta kalamu iliyoanguka. Basi, kazi yote imemwagika. Nje kuna vilima, kuna mawingu, kuna ndege nyingine, naye haoni kitu. Na akizima kabisa? Atasomaje vipimo vya mafuta na mwinuko?

Kwa hiyo wengi walichagua taa nyekundu. Zile chembe za jicho zinazoona gizani hazisumbuliwi sana na wekundu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani walivaa miwani nyekundu kabla ya kuruka usiku, wakakaa kwenye mwanga huku macho yakijiandaa kwa giza. Ujanja mzuri, siyo? Kumbe nao una gharama. Chini ya taa nyekundu, mistari myekundu ya ramani hupotea kana kwamba hakuna aliyeichora. Ndiyo maana rubani mwangalifu hubeba tochi ya mwanga mweupe na mwekundu, na wengine huona heri taa nyeupe iliyofifishwa, ya kusomea tu.

Hakuna taa isiyoficha kitu. Hilo nalikubali. Ninachouliza ni hiki: nani ana haki ya kuchagua kifichwe nini, iwapo ndani hayumo peke yake?

Nilipokuwa na miaka 12 nilisafiri usiku katika lori la mjomba. Kati yetu alikaa mama mmoja, amempakata mtoto mwenye homa.

"Baba, niwashie taa nimtazame mwanangu."

"Nikiwasha, mama, sioni barabara."

"Kidogo tu."

"Mpapase."

Akampapasa. Baada ya muda akaomba tena, na tena, mpaka akanyamaza. Nilimwona mjomba katili. Leo najua kwamba alisema kweli: taa ya ndani ingerudi usoni kwake kwenye kioo, na barabara ile ilikuwa ya makorongo. Lakini ukweli wake haunitoshi. Kila aliyeshika usukani anaweza kusema, "nikiwasha tutakufa wote," na abiria hana la kujibu, maana haoni anachokiona dereva. Tena siku nyingine ni uvivu tu, bwana, wala si barabara.

Nadhani tofauti iko hapa: rubani yule hafifishi taa akaishia hapo. Anatafuta tochi, anaikinga, anapunguza mpaka apate mwanga mdogo kabisa unaotosha. Mjomba hakutafuta. Angeweza hata kusimama dakika moja.

Mtoto alifika mzima. Lakini katika mfuko wa shati la mjomba mlikuwa na kiberiti, nami nilijua. Ningeweza kukiomba, nikawasha kijiti kimoja chini kule miguuni, nikakikinga kwa kiganja. Sikusema kitu. Nilikuwa nikitazama barabara, na ilikuwa inapendeza.